Mgonjwa Asiye na Muuguzaji: Filamu ya Kutisha ya Kanada na Wodi za Karagwe na Kyerwa

Filamu ya Visiting Hours, iliyopigwa Montreal nchini Kanada na kuanza kuonyeshwa mwaka 1982, ni miongoni mwa filamu za kutisha ambazo sehemu kubwa ya kisa chake hutendeka ndani ya hospitali, na jina lake, ambalo kwa Kiswahili ni saa za kuona wagonjwa, linadokeza mapema mlango ambao hofu itapitia. Imo katika kundi linaloitwa slasha, yaani filamu ambamo muuaji mmoja, aghalabu mwenye kisu au chombo kingine chenye makali, huwinda watu mmoja baada ya mwingine mpaka abaki mtu wa mwisho, mara nyingi mwanamke, ambaye hulazimika kupambana naye ana kwa ana. Wahakiki wengi wa zamani walilidharau kundi hili, lakini linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu filamu iliyotengenezwa kwa fedha chache haina pa kuficha kile inachokitegemea: isipokuwa na uwezo wa kujenga majumba ya fahari wala kuajiri umati wa waigizaji, hutafuta jambo moja ambalo watazamaji wake wamekwisha kuliogopa, ikalishikilia hadi mwisho. Jambo ambalo Visiting Hours imelishikilia ni upweke wa mgonjwa. Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za magharibi mwa mkoa wa Kagera ambako kulazwa bila ndugu kando ya kitanda ni msiba wa aina yake hata kabla ugonjwa haujatajwa, upweke huo si jambo la kawaida la hospitali, na ndiyo maana filamu hii, ikitazamwa kutoka huko, inaonekana kuwa na kisa tofauti na kile ambacho watengenezaji wake walikikusudia.

Kwanza inafaa kueleza kwa nini Kanada, nchi ambayo haikuwa na sifa kubwa ya filamu za kubuni, ilizalisha filamu nyingi za namna hii kwa wakati mmoja. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya nchi hiyo ilipanua nafuu ya kodi kwa watu waliowekeza katika filamu za Kikanada, kiasi kwamba mwekezaji aliweza kuondoa fedha zake zote alizoziweka kwenye filamu katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi, na papo hapo madaktari wa meno, mawakili na wafanyabiashara ambao hawakuwa na habari yoyote ya sanaa wakawa wafadhili wa sinema. Fedha za namna hiyo hazikuulizwa sana kuhusu ubora wa hadithi. Ziliulizwa kama filamu itakamilika kabla ya mwaka wa kodi kufungwa na kama itapata mnunuzi Marekani. Slasha ilijibu maswali yote mawili. Filamu ya Kimarekani ya Halloween, iliyoongozwa na John Carpenter mwaka 1978, ilitengenezwa kwa takriban dola 325,000 ikaingiza makumi ya mamilioni, na kila mtayarishaji mwenye hesabu aliona kwamba jengo moja, kisu kimoja na usiku mmoja vinatosha kuuza tiketi. Wakanada wenyewe walikuwa wametangulia, kwa kuwa Black Christmas ya Bob Clark, iliyopigwa Toronto na kutoka mwaka 1974, ndiyo ambayo wengi huihesabu kuwa mzazi wa kundi hili, na baada ya Halloween zikafuata Prom Night na Terror Train mwaka 1980, kisha My Bloody Valentine mwaka 1981, ambayo ilipigwa katika machimbo ya makaa ya mawe ya Nova Scotia. Kila moja ilijichagulia mahali pake: bweni, shule, treni, mgodi. Hospitali ilikuwa inasubiri zamu yake, na mwaka 1981 Wamarekani waliitumia katika Halloween II, mwaka mmoja kabla ya Visiting Hours kutoka.

Visiting Hours iliongozwa na Jean-Claude Lord, mwongozaji wa Quebec ambaye alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa filamu za Kifaransa, ikaandikwa na Brian Taggert, na kutayarishwa na Claude Héroux pamoja na wenzake ambao ndio hao hao waliofanya kazi na David Cronenberg katika Scanners. Mhusika mkuu ni Deborah Ballin, mwanahabari wa televisheni anayepiga vita ukatili dhidi ya wanawake, aliyeigizwa na Lee Grant, mwigizaji ambaye alikuwa amekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Shampoo. Ballin anamtetea hadharani mwanamke aliyejihami dhidi ya mume aliyekuwa akimpiga, na maneno yake yanamchoma mwanamume mmoja aitwaye Colt Hawker, aliyeigizwa na Michael Ironside, ambaye utotoni alimwona mama yake akijitetea dhidi ya baba kwa kummwagia mafuta ya moto na tangu hapo akakua akiwachukia wanawake wasiokubali kunyamaza. Hawker anamvamia mwanahabari huyo nyumbani kwake, anamjeruhi lakini hamuui, na Ballin anapelekwa hospitali ambako kila mtu, pamoja na mkubwa wake wa kazi anayeigizwa na William Shatner, anamhakikishia kwamba sasa yuko salama.

Kuanzia hapo filamu inakuwa somo la jinsi hospitali inavyofunguka, na hapa ndipo ubora wake ulipo. Hawker havunji dirisha wala kuruka ukuta. Anaingia na maua mkononi, kwa kuwa mtu mwenye maua hospitalini haulizwi anakwenda wapi. Anavaa mavazi ya watumishi, kwa kuwa macho ya watu huona sare kabla ya kuona sura. Anamkuta mgonjwa mzee aliyelala peke yake chumbani na kumkata mrija wa hewa, kisha anampiga picha akifa. Na mwishoni, milango yote ya kawaida inapokuwa inalindwa na polisi, anajikata mwenyewe kwa chupa iliyovunjika ili gari la wagonjwa limchukue na kumwingiza ndani kama majeruhi. Hila hiyo ya mwisho ni ya kutisha kuliko damu yote iliyomwagwa katika filamu nzima, kwa sababu inageuza wema wa hospitali, yaani ile ahadi kwamba kila mwenye jeraha atapokewa bila kuulizwa asili yake, kuwa njia ya muuaji. Muuguzi Sheila Munroe, aliyeigizwa na Linda Purl, analipa gharama ya wema huo, kwani kosa lake pekee ni kumjali mgonjwa wake, na Hawker anamfuata hadi nyumbani kwake.

Nchini Uingereza filamu hii iliingia katika orodha ya kanda za video ambazo ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali ilizitilia shaka, katika kipindi cha mtafaruku ambao matokeo yake yalikuwa sheria ya kanda za video ya mwaka 1984. Lawama kwamba filamu inadai kupinga ukatili dhidi ya wanawake huku ikiuza tiketi kwa kuuonyesha ni lawama nzito, na haiwezi kupuuzwa: kamera ya Lord mara kadhaa hukaa upande wa Hawker muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hata hivyo Ballin na Munroe si wanawake waliowekwa ili wafe tu. Wana kazi, wana msimamo, wanazungumza wao kwa wao juu ya jambo linalowapata wanawake, na katika slasha za miaka ile hilo lilikuwa adimu. Msomaji wa Tanzania anaweza kuwaelewa kwa urahisi akikumbuka kwamba Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kiliundwa mwaka 1987 kikiwa na kazi inayofanana sana na ya Ballin, na kwamba kampeni za chama hicho na wenzake zilisaidia kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Mwanahabari wa kike anayeandamwa kwa sababu ya aliyoyasema hadharani si kiumbe wa kubuni tu.

Kinachobaki kuwa kigeni ni wodi yenyewe. Katika Visiting Hours, kama ilivyo katika Halloween II, korido ni ndefu, safi na tupu, mgonjwa ana chumba chake na mlango wake, taa zinapunguzwa usiku, na wageni wakiisha kuondoka kwa kengele ya jioni hakuna anayebaki isipokuwa muuguzi mmoja wa zamu kwenye meza iliyo mbali. Jina la filamu lina maana kamili katika mpangilio huo tu: kuna saa ambazo mgonjwa ana watu, na kuna saa ambazo hana, na muuaji huzijua zote mbili.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa, na kwa pamoja zinakaa kwenye vilima vya migomba na kahawa vinavyopakana na Uganda upande wa kaskazini na Rwanda upande wa magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera. Kwa miongo mingi mzigo mkubwa wa matibabu ya kulaza wagonjwa umebebwa na hospitali za makanisa: Nyakahanga ya Walutheri, ambayo ni hospitali teule, yaani ya kanisa lakini iliyokubaliana na serikali kutoa huduma za hospitali ya wilaya, Nyakaiga ya Wakatoliki upande huo huo wa Karagwe, na Isingiro upande wa Kyerwa. Katika hospitali za namna hii, kama ilivyo katika hospitali nyingi za mikoani nchini, mgonjwa hulazwa katika wodi ya vitanda vingi pamoja na wengine, na ndugu yake, ambaye watu humwita muuguzaji ili kumtofautisha na muuguzi aliyesomea kazi hiyo, hubaki hospitalini kwa siku zote za kulazwa. Muuguzaji ndiye anayepika au kuleta chakula, anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayefua shuka, anayekwenda dirisha la dawa, anayemwita nesi dripu inapokaribia kwisha, na usiku hulala pale panapopatikana, chini kwenye mkeka au katika jengo la wauguzaji lililo nje ya wodi. Saa za kuona wagonjwa zipo, asubuhi, mchana na jioni, na mlinzi wa geti huzisimamia kwa ukali unaojulikana, lakini kinachoingia katika saa hizo ni umati: wanaukoo, majirani, wanakwaya, wanachama wa kikundi cha kuzikana, kila mmoja na hotipoti ya ndizi au chupa ya uji, na asiyefika kumwona mgonjwa huulizwa sababu baadaye.

Mpango huo umezaliwa na uhaba, na si haki kuupamba. Ndugu hulala chini kwa sababu watumishi ni wachache, hupika kwa sababu hospitali nyingi hazina jiko la wagonjwa, na mara nyingi ni mama au binti ambaye ameacha shamba, biashara au shule ili akae pale. Lakini matokeo yake kwa hadithi ya kutisha ni makubwa. Hawker asingepita hatua kumi katika wodi ya wanawake ya Nyakahanga bila mwanamke wa kitanda cha tatu kumwuliza amekuja kumwona nani, wa ukoo upi, na mbona mgonjwa huyo ndugu zake wote wako hapa na hawamjui. Maua yasingemsaidia, kwa kuwa mtu anayemletea mgonjwa maua badala ya chakula angekumbukwa na wodi nzima. Sare ingemvusha getini, lakini katika hospitali ambako wauguzaji hukaa majuma mawili au matatu na kuwafahamu manesi wote kwa majina na zamu zao, sura mpya ndani ya sare ingeleta maswali zaidi. Mwandishi wa filamu aliyetaka kuhamishia kisa hiki Kagera angegundua mapema kwamba amepoteza nguzo yake, na kwamba kubadilisha majina na mandhari peke yake hakumrudishii.

Filamu za aina hii hufika huku kwa njia inayoongeza ukaidi huo wa kutomwacha mtu peke yake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni ya kurusha matangazo mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, na kwa watu wengi wa mikoani filamu ya kigeni ilianza kujulikana kupitia banda la video, lile ambalo vijana huliita kibanda umiza: chumba cha mabati au miti, mabenchi, deki ya kanda na baadaye ya diski, na jenereta pale ambapo umeme haujafika au umekatika. Katika mabanda hayo filamu za kutafsiriwa ndizo zilizopendwa. Derek Mukandala, aliyejulikana kote nchini kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waliojipatia sifa ya mapema kwa kuingiza sauti ya Kiswahili juu ya kanda za Kihindi, Kichina na Kimarekani. Kenya ilimpata DJ Afro. Na Uganda, ambayo kwa watu wa Kyerwa iko ng'ambo ya daraja la Murongo tu, ilikuza kizazi kizima cha watafsiri wa Kiganda wanaoitwa viji (VJ), akiwamo VJ Jingo. Mtafsiri wa namna hii hatafsiri maneno peke yake. Anamtambulisha steringi, yaani shujaa wa filamu, na adui wake. Anaeleza yanayotaka kutokea. Anamkemea mhusika anayefungua mlango asiopaswa kuufungua. Anampa muuaji jina la utani na kumlinganisha na watu ambao watazamaji wanawafahamu.

Slasha ni aina ya filamu inayoumizwa zaidi na sauti hiyo, na wakati huo huo inayofaidika nayo kwa namna ambayo walioitengeneza hawakuifikiria. Kazi yake yote imejengwa juu ya ukimya: nyayo kwenye korido, mlio wa mashine, pumzi ya mtu aliyejificha nyuma ya pazia, kisha kishindo. Mtafsiri akiujaza ukimya huo kwa maneno, mtazamaji hapati tena nafasi ya kubaki peke yake na mhusika. Kuna mtu wa tatu chumbani, anayejua njia na anayemshika mkono. Watu wa banda nao huongeza zao, wakimwonya nesi, wakimlaani Hawker, wakibishana kama mlinzi amelala au amehongwa. Kwa mhakiki wa Toronto huo ni uharibifu. Lakini kwa haki yote, banda linafanya kwa filamu jambo lile lile ambalo wauguzaji wanalifanya kwa mgonjwa, yaani linakataa kumwacha peke yake, na filamu ya hofu inayotoka hapo inakuwa filamu ya watu wengi wanaomlinda mwanamke mmoja kwa sauti zao, ingawa hazimfikii.

Watengenezaji wa Afrika Mashariki waliotaka kutisha walilielewa tatizo hili mapema, na karibu wote waliacha njia ya muuaji wa kisu. Mussa Banzi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa kinara wa filamu za kutisha za Kitanzania, aliwaleta watazamaji Nsyuka na Shumileta, viumbe wasio wa kibinadamu ambao wingi wa watu hauwazuii. Mtu anaweza kulala katikati ya ukoo wake wote na bado akafikiwa na jini. Waganda wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala ambako Isaac Nabwana alianzisha studio yake ya Wakaliwood, walichukua damu na silaha za filamu za Kimarekani lakini wakaziweka mchana, mtaani, mbele ya majirani, na filamu yao ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa fedha zisizotosha hata kulipa chakula cha siku moja cha kundi la filamu la Montreal, ikaja na sauti ya mtafsiri ndani yake, VJ Emmie akishangilia na kutania juu ya picha. Hapo unafuu wa gharama haukufichwa. Ulifanywa kuwa sehemu ya furaha.

Filamu moja ya Tanzania iliingia hospitalini kweli, nayo ni Maangamizi: The Ancient One, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kuwa filamu ya kwanza ya nchi hii kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni, mwaka 2001. Daktari wa magonjwa ya akili, Mmarekani mweusi aitwaye Asira, anafika katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kukutana na Samehe, mwanamke aliyeigizwa na Amandina Lihamba, ambaye amenyamaza kwa miaka mingi kwa sababu ya jambo la kutisha la utotoni mwake. Kwa mtazamaji aliyelishwa slasha, hapa pana kila kitu: wodi, ukimya, kumbukumbu ya ukatili wa nyumbani, na mzuka unaotembea, bibi wa kale aitwaye Maangamizi, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Lakini mzuka huyo hakuja kuua. Ni mhenga, na anachokidai ni kwamba wanawake hao wawili wakubali kuwa wana wazee nyuma yao. Hofu ya Samehe inatokana na kukatwa kwake na ukoo, na tiba yake ni kurudishiwa watu. Colt Hawker na Samehe wote wawili walijeruhiwa utotoni kwa yaliyotokea nyumbani mwao, na ni jambo la kufikirisha kwamba filamu ya Montreal ilimpa aliyejeruhiwa kisu, ilhali ile ya Tanzania ilimpa bibi.

Maangamizi ilikuwa hadithi ya roho, hata hivyo, na mkoa wa Kagera umekwisha kuiona hofu ya hospitali ambayo haikuhitaji mzuka wala muuaji. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini Tanzania waligunduliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wodi zilijaa watu waliodhoofika kwa ugonjwa ambao mwanzoni uliitwa Juliana, kwa jina la nguo za mitindo zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Miaka hiyo kuuguza kulifika kikomo cha uwezo wa familia: bibi akawauguza wanawe wote, akazika, akabaki na wajukuu. Kisha ikaja Marburg, homa kali inayosababisha kuvuja damu, ambayo virusi vyake hukaa kwa popo wa matunda na huenea kati ya watu kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Serikali iliutangaza mlipuko wa kwanza nchini tarehe 21 Machi 2023, katika wilaya ya Bukoba, na wagonjwa 9 wakahesabiwa, 6 kati yao wakafariki. Mlipuko wa pili, wa Biharamulo, ulitangazwa Januari 2025, na watu wote 10 waliohesabiwa kuwa wameugua, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara, walikufa. Karagwe na Kyerwa hazikuwa kitovu cha milipuko hiyo, lakini ziko katika mkoa ule ule na kwenye mpaka ule ule ambao mwaka 2022 uliwekwa katika tahadhari kwa sababu ya Ebola ya Uganda, na watu wake walijifunza taratibu hizo hizo za kupimwa joto, kunawa na kutoshikana mikono.

Marburg inawafikia kwanza wale wanaomgusa mgonjwa: anayemlisha, anayemfuta matapishi, anayemfulia shuka, anayemwosha baada ya kufa. Yaani inampitia muuguzaji. Kile kilichomkinga mgonjwa wa Nyakahanga dhidi ya mtu kama Hawker ndicho ambacho ugonjwa huu unakitumia kusafiri, na kwa hiyo jibu la kitabibu, ambalo ni sahihi na limeokoa maisha ya wengi, ni kumweka mgonjwa katika kituo cha kutengwa, kuwazuia ndugu nje ya uzio, na kumhudumia kwa mikono ya watu waliovaa mavazi ya kinga yanayofunika mwili mzima, miwani na barakoa, kiasi kwamba hawezi kutofautisha anayemtundikia dripu na anayemletea maji. Chumba cha peke yake, korido isiyo na watu, sura iliyofichwa ikikaribia kitanda: picha ambayo Jean-Claude Lord aliiunda ili kuogofya ikawa, katika mkoa wa Kagera, picha ya uokoaji, na wagonjwa waliipitia wakiwa na hofu halisi kuliko ya sinema yoyote, huku aliye nyuma ya barakoa naye akiogopa, kwa kuwa wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa Bukoba.

Hadithi hiyo bado inangoja mwandishi wake wa filamu, na mwandishi huyo angepaswa kuwa mtu anayejua wodi za huku, kwa sababu mgeni angeona mavazi ya kinga na kukimbilia damu, wakati uzito wote uko kwenye uzio, kati ya ndugu aliyeleta hotipoti na nesi anayepaswa kumwambia kwamba haiwezi kupita. Mlipuko wa Bukoba ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili, na hesabu hiyo ya siku, ambamo mgonjwa mmoja mpya hurudisha kila kitu mwanzo, ina mvutano zaidi kuliko kisu. Gharama yake isingekuwa kubwa. Jengo moja la zahanati, uzio wa kamba, waigizaji wachache wanaozungumza Kiswahili na Kinyambo, kamera ya kawaida, na kibali cha Bodi ya Filamu vingetosha kuanza. Mavazi ya kinga ndiyo ambayo yangelazimika kushonwa na fundi, kwa kuwa yale ya hospitali huteketezwa kwa moto yakiisha kuvaliwa mara moja.